Karanga Nzima za Mama Konrad

Mlinipokea vizuri, nawashukuru, lakini kila mmoja wenu amekuja na swali lake. Huyu anauliza kwa nini gari lina matope mpaka juu ya vioo. Yule anauliza ilikuwaje safari ya kumpeleka dada mmoja milimani ikanipoteza mpaka mke wangu akaanza kuulizwa sokoni kama ameachika. Nimeona niandike mara moja, msome kwa zamu hapo kwa fundi baiskeli, kisha mniache nipumzike.

Kingolwira hadi mjini

Mnanijua. Nikikaa nyumbani mwezi mzima naanza kupanga upya viti vya sebuleni. Kwa hiyo shemeji aliponiambia kuna mtaalamu wa lishe anatafuta dereva anayezijua njia za Matombo, nilikuwa nimeshachukua ufunguo kabla hajamaliza. Zile njia nilizikanyaga nikiwa mwanafunzi wa sekondari huko juu, nikazikanyaga tena nilipokuwa nanunua ndizi za kupeleka Dar. Gari la shemeji ni dogo, lakini linavuta magurudumu yote manne, na mimi naliamini kuliko ninavyoliamini kabati langu la nguo.

Mtaalamu mwenyewe anaitwa Neema. Ni mzaliwa wa Bukoba, hajafika miaka thelathini, mrefu, mwenye sauti ya chini ambayo inakufanya unyamaze ili umsikie. Nilimkuta Morogoro mjini kwenye mgahawa wa supu, amezungukwa na mizani, vikombe vya plastiki, picha za vyakula, na kisanduku cha bati ambacho hakuruhusu mtu akiguse. Kazi yake ilikuwa ya namna mbili. Kwanza, kupita nyumba kwa nyumba kuuliza watu walikula nini jana, na kiasi gani. Pili, kuchukua mahindi kidogo na karanga kidogo kwenye nyumba hizo hizo na kupima kama zina sumukuvu, yaani ile sumu inayotokana na ukungu. Alinieleza kwamba sumu hiyo haina harufu wala ladha, na ukiipika haiondoki.

"Na nyumba chache hizo zinatosha?" nikamuuliza.

"Zikichaguliwa vizuri na watu wakisema kweli, zinasimama badala ya wilaya nzima."

"Na wasiposema kweli?"

"Basi wilaya nzima inakuwa imedanganya." Akasukuma bakuli lake la supu pembeni. "Tujaribu kwako. Kaka Salumu, jana ulikula nini?"

"Ugali na dagaa, jioni."

"Asubuhi?"

"Chai ya rangi tu."

"Na mchana?"

"Mchana sikula. Kabisa."

Mama muuza supu akageuka na mwiko mkononi. "Muongo huyu! Jana mchana kapita hapa hapa anatafuna hindi la kuchoma, akaniomba na chapati ya jana yake, nikampa. Dada, andika chapati."

Neema aliandika chapati. Nikakumbuka na muwa, na vitumbua viwili vya asubuhi, na korosho za kwenye gari la jirani. Nilikuwa nimekula kama harusi na sikujua. Niliondoka pale nikiwa nimeanza kuiheshimu hiyo kazi.

Mkuyuni

Njia ya Bigwa haina shida kwa anayeijua. Shida ni wasioijua, kama yule dereva wa lori la ndizi aliyekwama kwenye kona kabla ya Mkuyuni, akaziba barabara kama kizibo cha chupa. Upande huu wa mashariki wa milima mvua haina likizo, na udongo ukilowa unateleza kama sabuni. Tulisubiri mpaka jua likawa la utosi. Mimi nilishuka nikawaelekeza waweke mawe wapi. Hawakunisikiliza, wakakwama zaidi, kisha wakayaweka mawe nilipowaambia.

Neema hakupoteza muda. Alikwenda nyumba za kando ya barabara, moja alikuwa ameipanga tangu mjini. Mzee mwenye nyumba alikuwa anapanga mananasi yake kwa ukubwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mmeleta nini?"

"Hatukuleta kitu. Tumekuja kuuliza tu."

"Kuuliza bila kuleta!" Lakini akatupa kigoda. Neema alipouliza chakula cha jana, mzee akakohoa kidogo. "Andika wali kuku."

Kutoka jikoni sauti ya mkewe ikaja. "Kuku yupi huyo, baba Asia? Wetu mbona wote nawaona hapa?"

"Wewe mwanamke, unataka Dodoma wajue tunakula shelisheli asubuhi na jioni?"

"Mzee," Neema akamwambia, "nikiandika kuku, wanaopanga mambo huko juu watasema watu wa hapa wameshashiba, tuwaruke. Na shelisheli ni chakula, tena kizuri. Kwetu hakuna, tungekula."

Mzee alimtazama kwa huruma ya kweli. Kumbe kuna watu duniani hawana shelisheli! Akamwita mkewe, likaletwa moja limechomwa kwenye makaa, jeusi nje, jeupe ndani, tukalimega na chumvi na pilipili. Nilipolitia mdomoni nikarudi nyuma mpaka kwenye njaa zangu za shule, tulipokuwa tukiruka uzio kwenda kununua mashelisheli haya haya kwa akina mama wa bondeni. Mzee akataja kila kitu alichokula jana, mpaka kipande cha nanasi lililobonyea. Nyumba ya jirani, baada ya kusikia tumepewa shelisheli na hatukutoa kitu, wakatuambia hawajala tangu juzi. Watoto wao walikuwa wamesimama mlangoni wanalamba vidole. Neema aliwaonyesha zile picha, mtoto mdogo akagusa picha ya maharage, na picha ya ndizi, na ya mboga, akaendelea hivyo mpaka mama yake akacheka, akakaa chini kusema kweli.

Kwa miguu kwenda juu

Gari tuliliacha chini ya Matombo, kwenye uwanja wa misheni. Kijiji tulichokuwa tunakwenda sitakitaja jina, na mkisoma mtaona kwa nini. Ni cha juu, njia yake ni ya miguu, unapita kwenye migomba, kisha magimbi, kisha maharage yaliyopandwa kwenye mteremko mkali kiasi kwamba mkulima akiangusha jembe anaenda kulitafuta kwa jirani. Neema alibeba kisanduku chake mwenyewe. Mimi nilibeba vingine vyote, na nilipanda bila kupumzika, atakayesema nilipumzika mara nyingi muulizeni alikuwa wapi.

Mwenyeji wetu alitukuta njiani. Mama Konrad ni mjane wa umri wangu, mfupi, mwenye mikono minene ya kulima. "Tumsifu Yesu Kristo," akasalimu, nami Salumu mtoto wa msikitini nikaitikia "Milele, amina" kama tulivyozoea kule shule, akafurahi, akanipokea mzigo mkubwa kuliko wote na kuuweka kichwani.

Habari yake alitueleza tukiwa bado tunapanda. Yeye na wenzake walianzisha sufuria ya uji. Siku ya kupima watoto kwenye zahanati, kila mtoto anayeletwa anapata kikombe cha uji wa mahindi na karanga. Akina mama ambao zamani hawakuleta watoto wakawa wanawaleta, wengine kutoka vitongoji vya mbali, maana mtoto akishajua kuna uji anamburuza mama yake mwenyewe. Kisha jirani mmoja, Pius, mtoto wake akatapika kesho yake baada ya kunywa. Jumapili, watu wanatoka kanisani, Pius akasimama akasema uji wa Mama Konrad una sumu.

"Basi," akasema Mama Konrad. "Muuguzi akasema sufuria isiinjikwe mpaka unga upimwe. Lakini si sufuria tu. Watoto hawaletwi tena hata kupimwa. Wanaogopa zahanati, wananiogopa mimi. Nikipita na kikapu watoto wanaitwa ndani."

Hakulia. Alisema hayo huku anapanda, bila kuhema, na mzigo kichwani.

Kijijini

Neema alikuwa ametuma ujumbe mapema kwamba kila nyumba imwandalie bakuli la mahindi na bakuli la karanga, na kikundi cha uji nacho kiandae bakuli zake kutoka kwenye ghala. Tulikuta bakuli zimepangwa kwenye jamvi kwa Mama Konrad, zimefunikwa kwa vitambaa vilivyodariziwa, nyingine na ua juu. Akina mama walikuwa wamevaa khanga za Jumapili.

Neema akafungua kisanduku. Anachofanya ni hivi: anasaga kidogo, anachanganya na spiriti, anatikisa, kisha anachovya kikaratasi chembamba. Mistari miwili ikitokea, chakula ni salama kwa kiwango kinachoruhusiwa. Ukitokea mmoja, sumu imezidi.

Bibi Agatha, mzee kuliko wote pale, alisogeza uso karibu. "Miwili ndiyo nzuri?"

"Ndiyo, bibi."

"Haya mambo yamegeuzwa. Mjukuu wangu alipima mimba hospitali, miwili ikawa kilio nyumba nzima."

Walicheka mpaka vitambaa vikaanguka. Na majibu yakawa mazuri. Mistari miwili, tena miwili, bakuli baada ya bakuli, na ya kikundi nayo miwili, mahindi na karanga. Mtu akapiga kigelegele. Mama Konrad aliketi chini kwenye jamvi kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Chakula kikaletwa: magimbi, kisamvu cha nazi, maharage, na kuku wa kweli safari hii. Mimi nilikula kwa moyo mmoja. Niliona kazi imekwisha, kesho tunashuka.

Neema alikwenda nyuma ya jiko kunawa mikono. Alikaa huko kidogo. Aliporudi alikuwa na ungo mkononi, na kwenye ungo kulikuwa na karanga zilizosinyaa, nyeusi, nyingine zenye ukungu wa kijani.

"Hizi ni za nani?"

"Hizo si za mtu," akasema Bibi Agatha. "Ni zile tulizotoa."

"Mlizitoa wapi?"

Wakatazamana, wakishangaa mtaalamu haelewi jambo dogo. Mama Konrad ndiye aliyejibu. "Tumezitoa kwenye zile tulizokupa wewe. Tangu alfajiri tunachagua. Mgeni hapewi kitu hakijachaguliwa, dada. Ungekwenda Morogoro useme Waluguru wamenipa mabovu?"

"Kila nyumba imechagua?"

"Kila nyumba. Na mahindi pia. Kwani kwenu mgeni anapewa vipi?"

Neema aliweka ungo chini polepole. "Hata kwetu tungechagua," akasema. Kisha akauliza, "Na za kwenye uji? Zinachaguliwa hivi hivi?"

Za uji hazichaguliwi. Gunia linakwenda mashineni kama lilivyo. Nani achague gunia zima, na kazi za shamba zinasubiri?

"Lakini majibu si umeshatoa?" mwanamke mmoja akasema. "Mistari tumeiona wote."

"Mmeona ya karanga mlizonichagulia mimi. Watoto wanakula zipi?"

Mama Konrad alikuwa bado amekaa kwenye jamvi. "Ukipima za guniani zikakataa, sufuria ndiyo basi?"

"Karanga hizo ndiyo basi. Sufuria ni yenu na muuguzi."

"Na tukisema usipime?"

"Gunia ni lenu, mama. Sitapima. Ila sitaandika kwamba nimepima chakula cha watoto."

Wenzake walimzunguka wakasema naye Kiluguru, kwa haraka, sauti zikipanda na kushuka. Sikuhitaji mkalimani. Walikuwa wanamwambia Mungu ameshatoa majibu, asimrudishie. Njia ya kwa Pius inaonekana kutoka pale uani, na Mama Konrad aliitazama. Kisha akaingia ghalani, akatoka analiburuza gunia la karanga, akakata kamba iliyolifunga kwa kisu cha jikoni.

"Chota mwenyewe," akamwambia Neema. "Mimi mkono wangu utachagua hata nikifumba macho."

Neema alichota juu, akachota katikati, akachota chini kabisa. Mahindi ya kikundi, ambayo nayo aliyachota mwenyewe darini juu ya moshi wa jiko, yakatoa mistari miwili. Karanga zikatoa mmoja. Akarudia. Mmoja.

Kuku wa mchuzi alipoa kwenye sahani na hakuna aliyemgusa.

"Zimetoka wapi?" Neema akauliza.

"Kisaki. Kwa Bi Zaina. Tangu tuanze nanunua kwake, ana karanga nzuri kuliko wote, nzima nzima, huoni iliyopasuka." Mama Konrad akafunga gunia kwa fundo. "Kesho mnakwenda wapi?"

"Kisaki ipo kwenye ratiba," nikasema, ingawa ratiba ilisema wiki inayofuata.

Kwenda Kisaki

Mama Konrad alikaa kiti cha nyuma na gunia lake kama mtu anayesindikiza mgonjwa. Baada ya Mvuha joto lilitupokea, na mto mmoja ukatukatalia. Mvua ya milimani ilikuwa imeshuka yote kwa pamoja, daraja limefunikwa na maji ya rangi ya chai ya maziwa. Nikazima gari. Mto ule naujua, haubembelezwi, ila unachoka.

Tulikaa kando yake na abiria wa basi dogo na wachunga ng'ombe, mpaka tukawa kama kijiji. Mama mmoja akabandika ugali, mwingine akatoa kambale wakavu, nami nikatoa kitunguu na ndimu za shemeji zilizokuwa chini ya kiti. Neema, aliyekuwa haachi kazi, akawauliza wote walikula nini jana. Mchunga ng'ombe mmoja akasema, "Maziwa." Asubuhi? "Maziwa." Mchana? "Tulitembea." Jioni? "Hapo sasa, maziwa." Akamwonyesha kibuyu chake ili apime vizuri. Mama Konrad peke yake hakula. Alikaa ukingoni, kila mara anasimama kutazama kama kigogo cha ukingo wa daraja kimetokeza majini.

"Kula, dada yangu," nikamwambia. "Maji hayaondoki kwa kutazamwa."

"Kaka Salumu, wewe una watoto?"

"Wanne."

"Mtu akisimama akasema umewalisha sumu, utameza?"

Nikaacha kumlazimisha. Kigogo kilipotokeza tulivuka, maji yakiingia mlangoni, na ndiyo maana ya yale matope mliyoyaona.

Kisaki

Kisaki ni joto, vumbi, reli, na watu wenye maneno. Bi Zaina tulimkuta barazani kwake, mama mnene wa Kikutu mwenye kucheka kabla ya kusema.

"Watu wa mlimani hao! Mmeshuka kufanya nini, magimbi yamewaisha?"

"Tumeshuka kuona kama mmejifunza kuoga," Mama Konrad akamjibu, maana hao ni watani na salamu yao ni hiyo. Lakini hakucheka, na Bi Zaina aliliona.

Uani wanawake kadhaa walikuwa wanamenya karanga. Pembeni yao palikuwa na ndoo ya maji. Mmoja alichovya ufagio wa majani kwenye ndoo, akanyunyizia lundo la karanga zenye maganda, akalifunika na turubai. Kwenye lundo lingine, lililokwisha kulowa, wenzake walibonyeza ganda kwa vidole viwili tu, likafunguka laini, karanga ikatoka nzima, ya kupendeza. Kisha moja kwa moja kwenye gunia, gunia likashonwa.

Neema aliangalia jambo hilo kwa muda mrefu. "Bi Zaina, kwa nini mnanyunyizia?"

"Karanga kavu inavunja kucha, mwanangu. Na ukilazimisha inapasuka."

"Ganda likilowa karanga nayo inalowa. Ukiifunga guniani na joto hili, ukungu umepata nyumba."

"Miaka yote tunanyunyizia, hajafa mtu."

"Haiui siku hiyo, mama. Inakula ini pole pole. Na mtoto inamzuia kukua."

"Kama kuolewa," akasema Bi Zaina, na wanawake wa uani wakaangua kicheko. Neema naye akacheka, kisha akafungua kisanduku chake bila kusema zaidi. Karanga za guniani, mstari mmoja. Karanga za ganda kavu, kutoka kwenye rundo ambalo maji hayajafika, mistari miwili. Kicheko kikaisha.

Mama Konrad akasogea. "Zaina, tumejuana miaka. Ungeniuzia hata zilizopasuka, tungesaga. Maji ya nini?"

"Ya nini?" Bi Zaina akainuka, mikono kiunoni. "Ya kwako! Nani ananiambia kila mwaka, 'Zaina, niwekee nzima, zilizopasuka sitaki, nitaonekana nimewaletea watoto makapi'? Nani? Nilikuletea kavu mwaka wa kwanza, zikiwa nusu nusu, ukazirudisha!"

Treni ya mizigo ilipita nyuma ya nyumba, ndefu. Ilipokwisha kupita Mama Konrad alikuwa bado anaitazama ile ndoo.

"Ni kweli," akasema. "Nilizirudisha." Kisha, "Nipe hizi kavu. Na maganda yake."

"Utapanda mlima na takataka kichwani?"

"Nitapanda nazo."

Bi Zaina alimpimia kwa ukarimu, akachukua gunia lile bovu alirudishe, Mama Konrad akakataa kuliacha. "Ukiliacha hapa utaliuza," akasema, na Bi Zaina hakubisha. Aliuliza tu, akimtazama Neema, "Na mimi wateja wangu wa mjini niwaambie nini? Nao wanataka nzima."

"Waambie zilizopasuka ndizo kavu."

"Uje uwaambie wewe." Lakini kabla hatujaondoka nilimwona ameimwaga ile ndoo kwenye mchicha. Kama aliijaza tena kesho yake sijui, na sitawadanganya kwamba najua.

Kurudi mlimani

Siku ya kupima watoto, akina mama waliokuja zahanati walikuwa wachache, na wanaume walikuwa wengi kuliko kawaida, maana habari ilishatangulia. Pius alikuwepo, mwembamba, mikono nyuma, mtoto wake mdogo amekaa kwenye kiuno cha mkewe. Mama Konrad alisimama mbele ya muuguzi na gunia miguuni.

"Pius alisema uji wangu una sumu. Mahindi hayakuwa nayo. Karanga zilikuwa nayo. Mimi ndiye niliyezinunua, tena nilizitaka hivyo, nzima, ili zipendeze."

"Si nilisema!" Pius akawageukia watu. "Nilisema au sikusema?"

Neema akasimama. "Ulikuwa sahihi kuhusu karanga. Kutapika kwa mtoto siwezi kusema kulitokana na hizo. Sumu hii mara nyingi haimtapishi mtu kesho yake, inakaa kimya. Huenda mtoto alikuwa na jambo lingine."

"Kwa hiyo nilikuwa sahihi nusu?"

"Nusu."

"Nusu nusu kama karanga kavu," akasema mtu nyuma, na kicheko kidogo kikapita, cha kwanza.

Shimo lilichimbwa, gunia likamwagwa humo na majivu juu yake. Bibi Agatha aliomba apewe japo kidogo za kuku. Alipokatazwa akauliza kama basi hazifai hata kwa pombe, akakatazwa tena, akasema dunia imekuwa ngumu. Kisha akaketi na wenzake kumenya zile kavu. Bi Zaina alisema kweli, zinavunja kucha. Nilijaribu nikaishia kunyonya dole gumba. Karanga zilipasuka, zikatoka nusu, zikatoka robo, na zilizokuwa na doa zilitupwa shimoni, safari hii kutoka kwenye lundo la watoto.

Wakati wao wanamenya Neema alirudia nyumba zote, upya, maana kazi ile ya kwanza ya bakuli zenye maua aliifuta. Aliwaomba wamchotee kutoka penye chakula cha kila siku, bila kugusa. Mama mmoja alimpa bakuli huku ameangalia ukutani. "Usiseme nimekudharau," akamwambia. "Sikuwahi kumpa mtu kitu kama hiki." Nyumba nyingine hawakuweza, wakaokota angalau moja mbovu mbele yake, mkono wenyewe umekwenda. Majibu ya awamu hii hayakuwa ya vigelegele. Mengine yalikuwa mazuri, mengine mabaya, na Neema aliyapeleka yote mjini kama yalivyo.

Unga ulirudi kutoka mashineni mchana. Muuguzi mwenyewe ndiye aliyechota, kutoka chini ya ndoo. Watu walisogea mpaka Neema akawaomba wamwachie mwanga. Mstari wa kwanza ukatokea. Tukasubiri. Mama Konrad hakutazama kikaratasi, alikuwa anatazama moto chini ya sufuria tupu. Mstari wa pili ulikuja mwembamba, kisha ukakolea.

Uji ukapikwa. Ulipoiva hakuna mama aliyeleta kikombe. Walisimama na watoto wao mgongoni, kila mmoja anamtazama mwenzake. Hapo Pius akatoka kwenye kundi la wanaume, akachukua kikombe mwenyewe.

"Nipe mimi kwanza."

Mama Konrad alimjazia mpaka pomoni. Pius akapuliza, akanywa, akapuliza tena, akanywa wote taratibu mbele ya watu, akatazama ndani ya kikombe kama kuna kitu kimebaki.

"Hauna sukari," akasema.

"Sukari kaombe kwa mjomba wako," akamjibu Mama Konrad, na huku watu wanacheka alikuwa ameshanyoosha mkono kwa mke wa Pius, apewe kikombe cha mtoto.